"Sikukutuma": Nani Alipie Uzuri wa Nyumba ya Kupanga?

Katika maisha ya mjini ni machache mapatano yanayofanywa mara nyingi, na kwa maneno haba, kama mapatano ya kupanga nyumba. Mtu huonyeshwa chumba, hutajiwa kodi, hutoa fedha za miezi miwili au mitatu, hupewa ufunguo, na hapo jambo huhesabiwa kuwa limekwisha. Haulizwi, wala yeye haulizi, ni nani atakayeziba bati likitoboka, wala ni nani atakayelipa siku sakafu itakapopasuka. Wala hakuna anayeuliza kwamba, ikiwa mpangaji ataifanya nyumba iwe nzuri kuliko alivyoikuta, uzuri huo utakuwa mali ya nani. Maswali hayo yote huachiwa siku za mbele, na siku hizo zikifika huja na ugomvi.

Mwaka 2019 niliitwa kusuluhisha ugomvi wa namna hiyo katika Bwaise, bonde lililo kaskazini ya jiji la Kampala. Wanaoijua Bwaise wanajua kwamba mvua kubwa ikinyesha maji huteremka kutoka vilimani na kuingia majumbani bila kubisha hodi. Mpangaji alikuwa mwalimu mwenzangu, kijana mwenye mke na watoto wawili. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane mwenye wajukuu wanaomtegemea, na nyumba ile ya vyumba viwili ndiyo iliyokuwa shamba lake na mshahara wake. Kodi ilikuwa Sh. 150,000 kwa mwezi.

Mwalimu yule alipohamia alikuta sakafu iko chini kuliko njia. Msimu wa kwanza wa mvua godoro la watoto lililoa. Akamwendea mama, naye mama akamjibu kwamba fedha hana, ataona msimu ujao. Mwalimu hakungoja. Alinunua saruji na kokoto, akainua sakafu, akachimba mtaro wa kuyageuza maji; kazi hiyo ilimgharimu Sh. 400,000. Kisha akaweka dari chini ya mabati, akafunga mlizamu wa kukusanya maji ya mvua, akasimamisha tangi pembeni mwa ukuta. Hayo yalimgharimu Sh. 720,000, na hakumwarifu mtu. Mwishowe akapaka kuta rangi aipendayo mkewe, kwa Sh. 80,000. Jumla yake ilikuwa Sh. 1,200,000, yaani kodi ya miezi minane.

Mwaka mmoja na nusu ulipopita mama alikuja akasema kwamba tangu mwezi ujao kodi itakuwa Sh. 200,000, kwa kuwa nyumba sasa imekuwa nzuri, na watu wanaiulizia. Mwalimu akasema, "Mama, uzuri huo nimekwisha kuulipia. Mbona niulipie mara ya pili?" Mama akamjibu neno moja: "Mwalimu, mimi sikukutuma."

Mimi, niliyeitwa niamue, nilikosa la kusema. Niliwausia wavumiliane, nikanywa chai yao, nikaenda zangu. Makala haya ni jibu nililopaswa kulitoa jioni ile.

Madai ya pande mbili

Dai la mama ni rahisi kulieleza. Nyumba ni yake. Aliijenga yeye na marehemu mumewe, na kila kilichogandamana na kuta zake ni sehemu ya nyumba. Mtu hawezi kuingia katika mali ya mwenzake, akafanya jambo asiloagizwa, kisha akamletea mwenye mali hesabu ya kulipa. Lau ingekuwa hivyo, mpangaji tajiri angeweza kumfilisi mwenye nyumba maskini kwa kumjengea vitu asivyovihitaji.

Dai la mwalimu nalo ni rahisi. Jasho ni lake na fedha ni zake. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Sasa yeye amechumia juani, na kivuli anakikalia mwingine. Wako wanafalsafa waliolijenga dai la namna hii kwa ufundi mkubwa. John Locke wa Uingereza, katika maandishi yake juu ya serikali yaliyotoka mwaka 1689, alifundisha kwamba mtu anapochanganya kazi ya mikono yake na kitu kisichokuwa na mwenyewe, kitu hicho huwa chake, maadamu wenzake wamebakiziwa vya kutosha. Lakini fundisho hilo halimwokoi mwalimu wetu, kwa sababu Locke alikuwa akizungumza juu ya vitu visivyo na mwenyewe. Nyumba ya Bwaise ilikuwa na mwenyewe. Nikiipaka rangi mashua yako usiku umelala, kukipambazuka mashua haiwi yangu.

Basi madai yote mawili yana ukweli, na kila moja likiachwa peke yake huzaa dhuluma. Likishinda la mama, hakuna mpangaji atakayepiga hata msumari, na nyumba zetu zitaoza huku waliomo wakitazama. Likishinda la mwalimu, hakuna mwenye nyumba atakayelala usingizi. Yatupasa kutafuta msingi mwingine.

Kuta na siku

Sisi walimu wa Kiswahili tuna bahati ya kufundisha lugha ambayo imekwisha kulifikiria jambo hili kabla yetu. Tunamwita mmoja mwenye nyumba na mwingine mpangaji, tukidhani tumemaliza. Lakini tusikilize mgeni anapofika mlangoni. Huita, "Hodi, wenyewe!" Je, anamwita nani? Hamwiti mwenye hati, ambaye pengine anakaa mtaa mwingine. Anawaita wale walio ndani, wanaopika, wanaolala na wanaougua humo. Lugha yenyewe imewapa neno wenyewe watu wa aina mbili katika nyumba moja, wala haioni haya kufanya hivyo.

Na hii si michezo ya maneno, kwa maana watu wetu wameishi hivyo kwa muda mrefu. Katika Mombasa kuna nyumba nyingi ambazo mwenye nyumba si mwenye kiwanja: huyu ana kuta na paa, yule ana ardhi, na huyu humlipa yule kodi ya kiwanja. Katika Unguja, mtaa wa Ng'ambo ulijengwa kwa namna hiyo hiyo, na mwaka 1928 wakazi wake waligoma kulipa kodi ya viwanja, kwa kuona kwamba wamiliki wa ardhi wanavuna pasipo kupanda. Huku kwetu Buganda, baada ya Mkataba wa mwaka 1900 kuwagawia wakuu ardhi ya mailo, wakulima walibaki katika vibanja vyao wakiwa na nyumba na mimea yao juu ya ardhi ya watu wengine. Pamba ilipoleta fedha, wenye ardhi wakataka sehemu kubwa zaidi ya mazao: kadiri mkulima alivyojitahidi, ndivyo tozo la envujjo lilivyomkandamiza. Sheria ya Busuulu na Envujjo ya mwaka 1928 ndiyo iliyoweka mpaka, ikasema ni kiasi gani mwenye ardhi aweza kudai, na ikamkinga mwenye kibanja asifukuzwe ovyo.

Najua kwamba chumba cha kupanga Bwaise si kibanja, na mpangaji wa mwezi kwa mwezi hana haki za mwenye kibanja. Ninaloliokota katika mifano hii ni jambo moja tu, kwamba umiliki wa nyumba waweza kugawanyika, na kwamba watu wenye akili zao waliugawanya bila ulimwengu kupinduka. Tukilichukua jambo hili mpaka katika chumba cha kupanga, twaweza kusema hivi: mwenye nyumba anamiliki kuta, na mpangaji anamiliki siku. Kila anapolipa kodi mpangaji hununua siku thelathini za kukaa ndani ya kuta zile, na siku hizo ni zake kweli kweli, hata mwenye kuta mwenyewe hubisha hodi kabla ya kuingia.

Ikiwa ndivyo, swali la nani alipie uzuri wa nyumba hugeuka kuwa swali jepesi kidogo. Katika uzuri huu, ni kiasi gani kilichoingia katika kuta, na ni kiasi gani kinachotumika katika siku?

Gharama za namna tatu

Wanasheria wa Roma ya kale walizigawa gharama za kutengeneza mali ya mtu mwingine katika mafungu matatu: gharama za lazima, ambazo bila hizo mali ingeharibika, gharama za manufaa, ambazo huiongezea mali thamani, na gharama za anasa, ambazo hupendeza macho tu. Mejelle, mkusanyo wa sheria wa dola ya Othmani uliotungwa kati ya mwaka 1869 na 1876 kwa kufuata madhehebu ya Hanafi, nao ulitenganisha kazi aliyoifanya mpangaji kwa ruhusa ya mwenye nyumba ili kuiokoa nyumba na uharibifu, ambayo hudai kurudishiwa gharama yake, na kazi aliyoifanya kwa raha yake mwenyewe, ambayo hairudishiwi isipokuwa kwa mapatano. Watu wa zama mbalimbali na dini mbalimbali wanapofikia mgawanyo unaofanana, yafaa tudhani kwamba wamegusa jambo la kweli.

Tuupime mgawanyo huo katika nyumba yetu. Sakafu na mtaro ni gharama za lazima. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa nyumba uko katika kuta, hauko katika siku za mpangaji. Aliyepokea kodi ya chumba amepokea fedha za mahali panapokalika, na chumba chenye maji ya mafuriko hakikaliki. Basi Sh. 400,000 zile zote zilikuwa deni la mama tangu mwanzo. Tena hapa neno la "sikukutuma" halina nguvu, kwa sababu aliarifiwa, naye akaahirisha. Mwenye wajibu anapoarifiwa akanyamaza, na hatari ikaendelea, anayeutimiza wajibu huo kwa niaba yake ametumwa na wajibu wenyewe.

Rangi ya kuta, kwa upande wa pili, ni anasa ya mpangaji. Ni halali yake kuifurahia, na akiondoka hana la kudai. Mpangaji mwingine pengine ataichukia rangi ile ile.

Kazi yote iko katikati, kwenye dari, mlizamu na tangi. Hivi si vya lazima, kwa kuwa watu wengi wanaishi bila dari na wanachota maji bombani. Wala si anasa, maana dari hupunguza joto la mabati, na tangi huokoa fedha na miguu ya watoto. Haya ni manufaa, nayo yana pande mbili: leo yanamfaa anayekaa, na kesho yatamfaa anayemiliki.

Hesabu ya miezi

Hapo ndipo muda unapokuwa mizani. Tuseme fundi mwaminifu anakadiria kwamba dari, mlizamu na tangi vitadumu miaka 6, yaani miezi 72. Vimegharimu Sh. 720,000. Basi kila mwezi unaopita vinatumika kwa Sh. 10,000. Mwalimu amekaa navyo miezi 18. Amekwisha kutumia Sh. 180,000, na kiasi hicho hawezi kumdai mtu, kwa kuwa yeye ndiye aliyelala chini ya dari na kunywa maji ya tangi. Zilizobaki, Sh. 540,000, bado zimo katika kuta zikingoja siku zijazo.

Ni nani atakayezitumia siku hizo? Ikiwa ni mwalimu mwenyewe, basi aendelee kutumia mali yake mpaka iishe, na hapana deni. Ikiwa ni mwingine, basi yule atakayepokea kodi ya mwingine huyo ndiye anayepaswa kumrudishia mwalimu kilichobaki. Huko Ulster, kaskazini ya Ireland, ilikuwako desturi ya mpangaji anayetoka shambani kulipwa na anayeingia kwa ajili ya kazi aliyoiacha ardhini, na mwaka 1870 sheria iliitambua desturi hiyo. Miji yetu inakijua kilemba, fedha anayotoa mtu ili apate nyumba au duka. Kilemba mara nyingi ni unyang'anyi, kwa maana hulipwa bila kazi yoyote kufanyika. Lakini malipo ya mlizamu unaoonekana na dari inayogusika ni malipo ya kitu kilichopo.

Ubora wa hesabu hii ni kwamba haimtaki mtu yeyote awe malaika. Husema tu kwamba kila mmoja alipie alichokula. Wanaotuambia "tenda wema nenda zako" wanatushauri vyema katika mambo ya sadaka. Ila mpangaji hakutoa sadaka, na mwenye nyumba hakuomba. Tukiuita ujira wa mtu wema wake, tumempokonya vyote viwili.

Uzito wa neno "sikukutuma"

Sasa turudi kwenye neno la mama, kwa kuwa katika tangi na dari neno hilo lina uzito wake. Mwalimu hakumwarifu. Alifanya kosa, na kosa hilo si dogo, kwani mwenye kuta ana haki ya kusema kile kitakachofungwa katika kuta zake na kile kisichofungwa. Pengine mama angesema, "Fedha hizo usiziweke kwenye tangi, tutengeneze choo kwanza." Pengine angekataa kabisa. Mwenye mali ana haki ya kubaki na nyumba isiyo na dari kama ndivyo apendavyo, maadamu inakalika.

Kwa hiyo lau mama angesema, "Sikukutuma, kaa na vitu vyako, na kodi ibaki ilivyo," asingekuwa na lawama yoyote. Mwalimu angevitumia mpaka siku ya kuondoka, kisha angechukua kile kinachotoka bila kuumiza nyumba, na kile kisichotoka angekiacha. Hiyo ingekuwa bei ya kutouliza.

Lakini mama hakusema hivyo. Alisema, "Nyumba imekuwa nzuri, ongeza kodi." Na hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo lote. Anayesema "sikukutuma" anaikataa kazi. Anayesema "nyumba imekuwa nzuri, lipa zaidi" anaipokea. Mtu ana haki ya kusema lolote kati ya haya mawili. Hana haki ya kuyasema yote mawili kwa pumzi moja. Siku alipoupangia bei uzuri ule, mama aliukubali, na aliyekubali tunda hawezi kusema hakuutaka mti. Tazama pia ukubwa wa bei yenyewe: nyongeza ya Sh. 50,000 kwa mwezi ni Sh. 600,000 kwa mwaka. Kwa mwaka mmoja tu angepokea zaidi ya thamani yote iliyobaki katika dari na tangi, tena kutoka kwa mtu yule yule aliyevinunua.

Mizani hiyo hiyo inampima mwalimu. Naye hawezi kusema "nilifanya kwa raha yangu" pale anapotaka kufanya bila ruhusa, kisha aseme "nilifanya kwa faida yako" pale anapotaka kulipwa. Wala asidai kurudishiwa miezi ambayo amekwisha kuila. Achague neno moja, alifuate mpaka mwisho.

Kodi inayomfukuza mtu

Pengine msomaji ataona kwamba ugomvi wote ungekwisha kama mwenye nyumba ndiye angetangulia kutoa fedha, kisha akazirudisha kwa kuongeza kodi. Njia hiyo inatumika kwingineko, na ina mafunzo yake. Sheria ya Ujerumani inamruhusu mwenye nyumba aliyeiboresha nyumba kuongeza kodi ya mwaka kwa asilimia 8 ya gharama alizotoa. Kabla ya mwaka 2019 ilikuwa asilimia 11. Kwa asilimia 8 gharama yote hurudi baada ya miaka 12 na nusu. Lakini muda huo ukipita, kodi haishuki. Mpangaji huendelea kulipia kitu kilichokwisha kulipwa, na wengine huondoka mapema kwa sababu hawaimudu kodi mpya. Ndiyo maana huko wako wapangaji wanaomwogopa fundi mwenye ngazi kuliko wanavyoiogopa baridi inayopenya dirishani, na ndiyo maana sheria ile iliwekewa kikomo cha nyongeza kwa kila mita ya mraba.

Funzo ni kwamba muda haukwepeki. Hata anayetangulia kulipa akiwa ni mwenye nyumba, nyongeza ya haki ni ile yenye mwisho, nayo huisha pale gharama inapokwisha kurudi. Na uboreshaji unaomfukuza anayekaa umeboresha kuta ukawapoteza wenyewe.

Mjane na fedha za kulipia

Nasikia pingamizi moja ambalo siwezi kulipita. Mama huyu ni maskini. Hana benki wala mshahara. Kodi ile ndiyo ada ya wajukuu. Je, tutamwambia mjane alipe Sh. 400,000 za sakafu kwa sababu wanasheria wa Roma walisema hivyo?

Umaskini wa mtu haufuti deni lake, ila hubadili namna ya kulilipa. Mwalimu naye hakuwa tajiri. Mbele ya mlango ule kila mmoja alikuwa maskini mbele ya mwenzake, na mara nyingi ndivyo ilivyo katika mitaa yetu. Lakini mama alikuwa na kitu kimoja cha kulipia ambacho hakikumtaka akope, nacho ni kodi yenyewe. Kama angepunguza Sh. 50,000 kila mwezi, deni la sakafu lingekwisha kwa miezi minane, huku akiendelea kupokea Sh. 100,000. Ni kiasi kile kile alichotaka kukiongeza, kimegeuzwa upande. Kama miezi minane ilimwelemea, wangeifanya kumi na sita. Mpangaji mwenye subira ni mkopeshaji mwema kuliko benki, kwa sababu fedha zake zimo katika nyumba anamolala, na ni faida yake nyumba isimame.

Sheria nayo yaweza kusaidia, ingawa haitoshi. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya Uganda ya mwaka 2022 inamtaka mwenye nyumba apangishe mahali panapofaa kukaliwa na binadamu, inazuia kodi isipandishwe kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na inataka mkataba wenye thamani ya Sh. 500,000 au zaidi uwe katika maandishi. Kwa kipimo hicho kodi ya Sh. 150,000 ingepanda hadi Sh. 165,000 tu. Hata hivyo sheria haikai nasi sebuleni. Mpangaji wa chumba kimoja hamshtaki mama ambaye kesho atakutana naye bombani. Kinachohitajika ni mapatano yaliyofanywa kabla ya saruji kuchanganywa, watu wangali wakicheka pamoja.

Hitimisho

Nieleze ugomvi ule ulivyokwisha. Baada ya miezi miwili mwalimu alihama. Alipakia tangi juu ya gari, akang'oa mlizamu, na ndoana zake zikaacha matundu ukutani. Mama alisimama kizingitini akiita huo ni wizi. Tangi lililokwisha kutumika liliuzwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu alikohamia hapakuwa na mahali pa kulisimamisha. Mpangaji aliyefuata aliikuta nyumba isiyo na tangi, akakataa kulipa Sh. 200,000. Kila mmoja alitetea haki yake mpaka haki zote mbili zikawa matundu ukutani. Mtaro tu ndio uliobaki, kwa sababu mtaro haubebeki.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi walimu huwafunza wanafunzi wetu kuandika barua ya kuomba kazi, na insha juu ya faida za miti. Ni nadra kuwafunza kuandika mapatano ya mtu na jirani yake, ilhali wengi wao watapanga nyumba kabla ya kupata kazi. Napendekeza tuwape zoezi hili, waandike kwa Kiswahili safi mapatano yenye mambo manne:

1. Kwamba jambo la kuiokoa nyumba ni la mwenye nyumba, na akishindwa kulifanya baada ya kuarifiwa, mpangaji atalifanya na gharama itakatwa katika kodi kidogo kidogo.

2. Kwamba jambo la manufaa litafanywa kwa ruhusa, na siku ya ruhusa itaandikwa gharama yake na miezi litakayodumu.

3. Kwamba maadamu mpangaji yumo, kodi haitapandishwa kwa sababu ya kitu alichokinunua yeye. Na akitoka kabla ya miezi kwisha, atarudishiwa kilichobaki.

4. Kwamba pambo ni la aliyelitaka, naye aweza kuliondoa ikiwa kuondoka kwake hakuiumizi nyumba.

Wanafunzi watagombana juu ya maneno. Watauliza tofauti ya lazima na manufaa, na ni nani atakayeamua tangi limechakaa. Tuwaache wagombane darasani, mahali ambapo hakuna godoro lililoloa. Jioni ile katika Bwaise watu wawili waaminifu walikuwa na haki mkononi, na hawakuwa na sentensi nne za kuiandika. Mimi niliyekuwa na sentensi hizo nilikunywa chai nikaondoka.